Tambo kabla ya kipenga: Utani wa mashabiki wa soka shuleni una kanuni zake

MCHUANO wa soka kati ya shule mbili jirani za upili hauanzi refa anapopuliza kipenga. Huanza siku kadhaa kabla, mabwenini, penye foleni ya chakula na njiani siku ya soko, pale mwanafunzi wa shule moja anapokutana na binamu yake wa shule ya pili na kumuuliza, bila hata kutabasamu, iwapo kipa wao ameshaanza kuombewa. Binamu naye hujibu kwamba maombi yaelekezwe kwa mabeki wa upande wa pili, kwa kuwa wao ndio watakaohitaji kufarijiwa ifikapo jioni.

Kufikia siku yenyewe, maneno hayo huwa yamegeuka nyimbo, nyimbo zimepata manju wa kuziongoza, naye manju amepata kikosi cha wapiga madebe. Basi la wageni linapoingia langoni, hulakiwa kwa tambo na kejeli ambazo mpita njia asiyejua mambo angedhani ni matayarisho ya vita. Wageni nao huwa wamefungua madirisha ya basi na kuanza kujibu tangu barabarani.

Hata hivyo, mara nyingi hakuna anayemgusa mwenzake. Kinachoendelea hapo ni utani, na utani, kinyume na dhana ya wengi, si maneno ya ovyo. Una kanuni zake, una mipaka yake na una faida zake. Kanuni hizo hazijaandikwa popote. Wanaozifahamu zaidi ni wanafunzi wenyewe, na wanaozisahau kwa wepesi zaidi ni watu wazima wanaosimama nyuma yao.

Suala hili si dogo. Kila muhula wa pili, wakati wa mashindano ya soka ya shule za upili, walimu wakuu hulazimika kuamua iwapo mashabiki wataruhusiwa kwenda uwanjani au watabaki madarasani. Anayeamua bila kuelewa tofauti ya utani na matusi huweza kukosea pande zote mbili: akapiga marufuku jambo jema, au akaachilia lile ambalo lingemfanya aomboleze baadaye.

JIRANI NDIYE MPINZANI

Pahala pazuri pa kuutazama utani huu ni Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako soka ya shule ni kama dini ya pili. Shule ya Upili ya Kakamega, iliyoanzishwa 1932, imewahi kutawazwa bingwa wa taifa mara kadhaa, na timu yake hujulikana kote nchini kwa jina la Green Commandos, rangi ya kijani ikiwa ndiyo nembo yao. Kusini mwa mji, ukifuata barabara iendayo Kisumu hadi upande wa Khayega, ipo Shule ya Upili ya Musingu, ambayo vijana wake wa kandanda hujiita Scorpions, yaani nge.

Majina hayo peke yake ni mtaji wa kutosha wa vijembe. Nge hukanyagwa kwa buti la komando, na hapo shabiki wa kijani amemaliza hoja yake. Lakini kila aliyelelewa kijijini anajua kwamba nge hupenda kujificha ndani ya buti, na kwamba mwenye buti huwa wa mwisho kupata habari. Hoja imerudi ilikotoka, na uzito wake haujapungua hata chembe.

Mfumo wenyewe wa mashindano ndio unaowasha moto. Michezo inayosimamiwa na Chama cha Michezo cha Shule za Sekondari Kenya (KSSSA) hupanda ngazi kwa ngazi: kanda, kaunti ndogo, kaunti, eneo, hatimaye taifa. Anayetaka kufika fainali za taifa sharti kwanza ampite jirani yake, na mara nyingi nafasi ya kusonga mbele ni moja tu. Kwa hivyo timu ambayo ingeweza kutingisha nchi nzima huenda ikang'olewa kaunti na watoto wa kijiji cha pili. Timu ya mbali ikikutoa, utaisahau baada ya wiki mbili. Jirani akikutoa, utamwona kila likizo, kanisani, sokoni na matangani, na kila mara atakuuliza matokeo yalikuwaje kana kwamba hayajui.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni nauli. Kusafirisha wachezaji na maafisa wao hugharimu shule pesa nyingi, na kuongeza mabasi ya mashabiki ni anasa ambayo shule chache humudu. Katika fainali za kitaifa, kelele nyingi hutoka kwa wanafunzi wa shule mwenyeji na wakazi wa karibu. Utani wenyewe, ule wa ana kwa ana, hustawi pale ambapo mashabiki wanaweza kufika uwanjani kwa miguu na kurudi kabla ya mwito wa jioni. Ndiyo maana mechi za kaunti katika uwanja kama Bukhungu mjini Kakamega, uwanja ambao 2017 ulitumiwa kwa baadhi ya mechi za Kombe la Challenge la CECAFA, huweza kuwa na nyimbo kali kuliko fainali yenyewe.

MAFAHALI, NGOMA NA MASHEMEJI

Wanafunzi wa Kakamega hawakubuni mtindo huu kutoka hewani. Katika jamii za Isukha na Idakho, wanaoishi katika sehemu hizo, mapigano ya mafahali yamekuwa burudani kwa vizazi vingi. Fahali hapelekwi uwanjani kimyakimya. Husindikizwa na mwenyewe, jamaa na majirani wakiimba kwa ngoma za isukuti, wakimsifu wao na kumbeza wa upande wa pili kwamba ni maziwa lala. Wakati mafahali wanapokabiliana, watu huwa wameshapigana kwa maneno tangu alfajiri.

Isukuti hiyo, ambayo kwa kawaida huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kadiri na ndogo, iliorodheshwa na shirika la UNESCO 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Anayeshuhudia mashabiki wa shule za eneo hilo wakiwasili uwanjani, wamejifunga matawi, wakitembea kwa mwendo wa kudundadunda nyuma ya manju, hatakawia kuona uhusiano. Pengine ngoma hiyo ina walinzi wengi zaidi katika kidato cha tatu kuliko katika kumbi za utamaduni.

Pwani nako mambo yalikuwa yayo hayo, ingawa mchezo ulikuwa mwingine. Ngoma za beni, zilizoiga bendi za kijeshi za Wazungu kuanzia miaka ya 1890, ziligawanya watu wa Mombasa katika makundi ya Kingi na Scotchi, yaliyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za kudhihakiana. Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni ilishindana vivyo hivyo. Mshairi aliyeweza kumchoma mpinzani kwa kijembe kilichofichwa ndani ya fumbo aliheshimiwa kuliko aliyetukana waziwazi, kwa kuwa tusi la wazi halihitaji akili.

Wataalamu wa jamii nao walilichunguza jambo hili mapema. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika makala aliyochapisha 1940, alieleza kwamba katika jamii nyingi kuna watu wanaoruhusiwa na desturi, na wakati mwingine wanaotakiwa, kuwafanyia wenzao mzaha, nao wenzao wakatakiwa kutokasirika. Alionyesha kwamba uhusiano huo hutokea hasa pale ambapo watu wameunganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja. Mfano wake mkuu ulikuwa wakwe na mashemeji: ndoa imewaleta pamoja, lakini kila upande una ukoo wake na maslahi yake. Ugomvi ungekuwa rahisi. Utani huuzuia ugomvi kwa kuutoa nje kidogo kidogo, mbele ya watu, kwa namna ambayo haiumizi.

Nchini Tanzania, neno lenyewe la utani lina historia ndefu. Makabila yaliyowahi kupigana, kufanya biashara au kusafiri pamoja yaligeuka watani, na Wanyamwezi, waliotembea sana na misafara ya kwenda pwani, hutajwa kuwa na watani wengi. Mtani aliweza kufika matangani akacheka na kufanya vituko palipo na kilio, lakini mtani huyo huyo ndiye aliyetarajiwa kusaidia katika mazishi. Haki ya kukejeli ilikwenda sambamba na wajibu. Ndiyo sababu Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyofuata 1936, huitwa hadi leo watani wa jadi, wala haziitwi maadui.

Kenya ina neno lake. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa debi ya Mashemeji. Leopards, au Ingwe, ilianza 1964 kama klabu ya Waluhya, na Gor Mahia, au K'Ogalo, ikaanza 1968 kama klabu ya Wajaluo. Jamii hizo mbili zimepakana na kuoana kwa karne nyingi, hivi kwamba shabiki wa Gor anayemtupia kijembe shabiki wa Ingwe huenda anamtupia mjomba wake. Jina hilo lilikuwa la busara: lilimkumbusha kila mtu kwamba baada ya dakika 90 kuna harusi na mazishi ya kuhudhuria pamoja. Halikutosha kila wakati. Machi 2012, mchuano wao katika uwanja wa Nyayo ulikatizwa kwa muda na ghasia za mashabiki.

TUSI LINALORUDISHIKA

Ni nini basi kinachotenganisha utani wa shule na matusi? Ukichunguza nyimbo na vijembe vinavyokubalika, kanuni moja hujitokeza kuliko zote: tusi la utani ni lile ambalo mwenzako anaweza kukurudishia kwa uzito ule ule.

Chukua suala la chakula, ambalo halikosi katika nyimbo za mashabiki. Wenyeji huwauliza wageni kama wamekuja kucheza mpira au kunusa harufu ya jikoni, maana huko kwao maharagwe huwa na wadudu wengi kuliko maharagwe. Wageni hujibu kwamba kwao angalau wadudu hushiba. Hakuna anayeumia, kwa kuwa hakuna shule ya bweni nchini ambayo wanafunzi wake hawajalalamikia githeri. Anayeicheka sahani ya mwenzake anaicheka yake mwenyewe, na pande zote zinajua.

Ndivyo ilivyo kuhusu sare, umbo la basi, kilima cha shule, uga wenye mteremko, na hata masomo. Timu iliyofungwa uwanjani huwa na silaha yake ya mwisho: alama ya wastani ya shule katika mtihani wa KCSE. Wanaoongoza kwa mabao hukumbushwa kwamba baraza la mitihani halihesabu mabao. Wao nao hujibu kwamba huko waendako, mwajiri atataka kujua nani alifunga. Wanafunzi wa bweni huwaita wa kutwa watoto wanaolala kwa mama. Wa kutwa huwaita wa bweni wafungwa wa kengele. Mzani umesimama sawa.

Matokeo ya awali pia yanarudishika, pengine kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa mwaka ujao kuna mashindano mengine. Jeneza la karatasi lililopakwa rangi za mpinzani, ambalo mashabiki hupenda kulizungusha uwanjani kabla ya mechi, ni kichekesho cha hatari kwa mwenye jeneza. Kipenga cha mwisho kikilia vibaya, hana pa kulificha.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo hayarudishiki. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo hawezi kulijibu tusi la umaskini. Mwenye kigugumizi au ulemavu hawezi kuurudisha wimbo uliotungwa juu ya ulimi wake au mguu wake. Aliyefiwa na mzazi hawezi kujibu lolote akitajiwa mzazi. Utani unaogusa hayo si utani tena, hata ukiimbwa kwa sauti tamu, na wanafunzi wengi hulihisi hilo kabla ya kufundishwa: uwanja hunyamaza ghafla, na wa kwanza kuona haya huwa ni upande ule ule uliouimba.

Kabila ndilo jambo lenye utata zaidi. Kwa juu juu huonekana linarudishika, maana kila kabila la Kenya lina vichekesho vyake, na wachekeshaji wa jukwaani wamekula kwavyo miaka mingi. Lakini mizani hiyo ni ya udanganyifu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao, na lugha ya kuwadunisha watu kwa misingi ya ukabila ilikuwa sehemu ya kuni za moto huo. Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa 2008, inayoharamisha matamshi ya chuki na ya kudharau jamii nyingine. Mwanafunzi wa leo huenda hakuwa amezaliwa wakati huo, lakini baba yake alikuwapo, na huenda baba yake ndiye anayesimama nyuma ya goli. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, na hapa hawakutia chumvi.

KIPAZA SAUTI NA WATU WAZIMA

Kanuni ya pili hutokana na ile ya kwanza. Ikiwa tusi halali ni lile linalorudishika, sharti mwenzako apewe nafasi ya kulirudisha. Manju hodari wa upande wa nyumbani huimba beti zake, kisha huwanyamazisha watu wake kwa mkono ili wageni wajibu. Ni heshima, lakini pia ni hesabu: wenyeji huenda wakawa mia nane na wageni arobaini, na ushindi wa kelele za mia nane dhidi ya arobaini hauna sifa yoyote.

Kwa sababu hiyo, kitu kilichoudhuru utani wa shule kuliko lugha chafu ni kipaza sauti. Shule mwenyeji inapokodi spika kubwa na kuzielekeza upande wa wageni, mazungumzo hukoma. Hakuna shairi linaloweza kushindana na jenereta. Wageni walionyimwa jibu la mdomo huanza kutafuta jibu la aina nyingine, na mawe hayakosekani kando ya uga wowote wa shule. Mwalimu wa michezo anayetaka amani angeanza kwa kuzima mashine hiyo kabla hajaanza kukagua nyimbo.

Tatizo jingine ni watu wazima. Mechi za shule huvutia waliosoma hapo zamani, wakazi, waendeshaji bodaboda na vijana wasio na kazi wanaozunguka mji. Hawa hawafungwi na uhusiano unaowafunga wanafunzi. Hawatakutana na wageni katika tamasha za muziki na drama, wala hawatakaa nao katika kongamano la hisabati muhula ujao. Wanauchukua utani bila kuuchukua wajibu wake. Lugha mbaya kabisa inayosikika katika viwanja vya shule mara nyingi hutoka katika vinywa vyenye ndevu.

Jambo la kushangaza ni kwamba teknolojia imewaacha wanafunzi salama kuliko wazee wao. Kwa kuwa shule nyingi za bweni haziruhusu simu za mkononi, utani wa wanafunzi umebaki wa mdomo, ana kwa ana, mahali ambapo anayesema anauona uso wa anayeambiwa. Waliohitimu zamani ndio wanaoendeleza ushindani huo katika makundi ya WhatsApp na Facebook. Huko hakuna uso, hakuna manju wa kunyamazisha umati, na maneno hayafi jua linapotua. Kijembe kilichosemwa Jumamosi huamka Jumatatu kikiwa kimesambazwa kwa watu ambao hata hawajui ni mechi gani iliyochezwa.

Miongoni mwa wasichana, ambao soka yao imepanda hadhi kwa kasi na kuyafanya majina kama Wiyeta na Butere yajulikane nchi nzima, utani nao umekita. Huko wimbo wa kanisani hubadilishwa maneno machache tu, kiasi kwamba mwalimu wa zamu husikia sifa na mpinzani akasikia kipigo. Ni ustadi ambao washairi wa Lamu wangeutambua.

KUFUNGIA AU KUFUNZA

Walimu wakuu wanaokataza mashabiki kusafiri wana sababu nzito. Wao ndio wanaobeba dhamana ya watoto wa watu, safari za usiku za mabasi ya shule haziruhusiwi, na vurugu zikitokea shule huweza kuondolewa mashindanoni pamoja na wachezaji ambao hawakumkosea mtu. Hakuna mwalimu anayetaka kumpigia mzazi simu kumweleza kwamba mwanawe amevunjwa kichwa kwa sababu ya wimbo.

Hata hivyo, marufuku ina gharama yake. Mwanafunzi ambaye hajawahi kukejeliwa hadharani na kulazimika kujibu kwa maneno, tena mara moja, tena kwa namna ya kuchekesha, atakutana na kejeli yake ya kwanza akiwa chuoni au kazini, au katika mkutano wa kisiasa, na huenda jibu lake likawa ngumi. Uga wa shule ni mahali pachache ambapo kijana hufunzwa kuvumilia dharau ndogo mbele ya watu elfu moja akarudi nyumbani mzima. Mtaala mpya wa umilisi umetenga mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo kwa wanafunzi wa sekondari. Itakuwa ajabu ikiwa mkondo huo utafundisha jinsi ya kupiga kona na kusahau jinsi ya kushangilia.

Baadhi ya shule zimepata njia ya kati. Manju huwasilisha nyimbo zake kwa mwalimu siku moja au mbili kabla ya mechi. Mwalimu huondoa ubeti unaomtaja mtu, hasa kipa na refa, na kuacha unaoitaja timu. Viongozi wa mashabiki wa pande zote mbili hukutanishwa kabla ya mechi na kusalimiana mbele ya umati, ili kila upande ujue uso wa kiongozi wa upande wa pili. Kipa, kwa hakika, ndiye anayestahili ulinzi mkubwa kuliko wote. Wachezaji wengine hukimbia na kuziacha kelele nyuma. Yeye husimama nusu saa na zaidi mahali pamoja, mashabiki wa wapinzani wakiwa hatua chache nyuma ya wavu wake, na mara nyingi hana zaidi ya miaka 17. Kamba iliyofungwa umbali wa kutosha nyuma ya goli haigharimu shule chochote.

Mechi ikiisha, kuna desturi ambayo shule nyingi jirani bado huidumisha, ya kuwalisha wageni kabla hawajaondoka. Hapo ndipo wachezaji wa pande mbili huketi meza moja, na yale maharagwe yaliyoimbwa tangu asubuhi huletwa yakiwa moto. Walioshinda huulizwa kama wadudu wametosha. Walioshindwa huambiwa wale vizuri, kwani safari ya kurudi huwa ndefu kwa asiye na kikombe.

Manju wa kidato cha nne huwa na kazi moja zaidi. Hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho, na kabla ya mitihani sharti amtafute kijana wa darasa la chini mwenye sauti na akili, amkabidhi debe na kumpitisha katika madeni yote yanayodaiwa: nani aliimba nini, mwaka gani, baada ya bao lipi, na ni jibu gani ambalo halijatolewa bado.